Zana imesema "imefanikiwa", lakini hesabu za SACCOS hazifungi

*"Mimi ni mhasibu wa SACCOS yenye wanachama wapatao 6,000 mkoani Morogoro. Kwa kuwa najua kompyuta kidogo, mambo ya mfumo yameniangukia. Mfumo wetu unatumia kanzidata ya MySQL 5.6. Kampuni iliyoutengeneza inaleta toleo jipya linalotumia kanzidata nyingine, PostgreSQL, na kuhamisha data wametuachia sisi. Nilipakua pgloader, zana ya kuhamishia data PostgreSQL, nikafuata maelekezo, na baada ya dakika kumi na moja ikamaliza bila kosa hata moja. Lakini jumla ya salio la mikopo kwenye kanzidata mpya inapishana na ya zamani kwa shilingi 41,350. Tawi la Kihonda linatokea mara mbili kwenye ripoti. Anwani za wanachama wa Mang'ula zina vialama vya ajabu. Na orodha ya wanachama hai imeongezeka kwa watu 212. Meneja anataka tuhame Ijumaa hii jioni, Jumatatu tufungue na mfumo mpya. Rafiki yangu ananishauri nipakie bakapu kwenye tovuti fulani inayogeuza kanzidata bure. Je, zana ni mbovu? Nijaribu nyingine?"*

Nianze na mawili yasiyoweza kusubiri. Ijumaa hii msihame. Na bakapu hiyo usiipakie kwenye tovuti yoyote, iwe ya bure au ya kulipia. Ndani yake mna majina, namba za simu, namba za vitambulisho na madeni ya watu 6,000. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, wenye dhamana ya taarifa hizo ni ninyi. Siku zikivuja, mwenye tovuti hataitwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Utaitwa wewe.

Sasa swali lenyewe. Hapana, zana si mbovu. Kwa kazi kama yako hata mimi ningeanza na pgloader, na ukikimbilia nyingine utakutana na dalili hizihizi, au nyingine usizozijua bado. Kinachokuchanganya ni lile neno "imefanikiwa". Zana hizi ni kama hamali: alipewa magunia mia, ameshusha mia, hakuna lililopasuka, anadai ujira wake. Hakuambiwa afungue gunia kuona kama ndani ni mchele au pumba. Ripoti uliyoiona mwishoni inataja majedwali, idadi ya mistari na idadi ya makosa. Haisemi popote kwamba salio la mwanachama namba fulani bado ni lilelile.

Na kuna jambo ambalo hamali hawezi kulibeba kabisa, nalo ni mazoea. MySQL, hasa matoleo ya zamani kama lenu, ni mwenyeji mpole mno. Ukimpa tarehe isiyokuwepo anapokea. Ukimpa neno refu kuliko nafasi yake, analikata na kuendelea, na onyo analolitoa hakuna anayelisoma. Programu yenu imelelewa katika upole huo kwa miaka, na walioiandika pengine hawakujua kwamba wanabebwa. PostgreSQL ni karani mkali wa masijala. Data imefika kwake, upole umebaki kule ulikotoka. Dalili zako zote nne zinatokana na hapo, kwa hiyo twende nazo moja moja.

Shilingi 41,350 ndizo zilizonifanya niandike jibu refu. Nina hakika karibu kamili kwamba safu ya salio katika jedwali lenu la mikopo imetengenezwa kwa aina inayoitwa FLOAT. Hiyo ni aina ya namba kwa ajili ya vipimo vya maabara, joto na uzito, ambako kukaribia kunatosha. Fedha haitaki kukaribia. MySQL inapoionyesha FLOAT kama maandishi, huonyesha tarakimu sita tu za maana. Salio la 1,234,567 litasomeka 1234570. Salio la 10,234,567 litasomeka 10234600. Ndani ya diski namba halisi bado iko sawa, na ukiiagiza MySQL yenyewe ijumlishe, itajumlisha ile sahihi. Lakini zana ya kuhamisha husoma mstari kwa mstari, na kinachoifikia ni maandishi yaliyokwisha kuzungushwa. Kila mkopo unapoteza au kuongeza shilingi kadhaa, na katika maelfu ya mikopo unafika 41,350.

Usiniamini kwa maneno. Fungua kanzidata ya zamani uandike *SELECT salio, salio + 0 FROM mikopo*, ukiweka majina halisi ya safu na jedwali lenu. Safu ya kulia itakuonyesha namba iliyofichika, na kama nimekisia sawa, zile mbili zitapishana mbele ya macho yako ndani ya MySQL ileile, kabla hata zana haijagusa kitu. Dawa ni kufanya kazi juu ya nakala, kamwe si juu ya kanzidata inayotumika: geuza safu hiyo kwanza iwe DOUBLE, kisha DECIMAL(18,2), aina inayotunza kila tarakimu bila kukaribia, halafu uhamishe upya. Jumla zitakutana.

Zitakutana, lakini kuna habari mbaya ambayo mhasibu lazima aijue. FLOAT haiwezi kutunza kila namba nzima kupita 16,777,216. Kuanzia hapo huruka mbilimbili, na ikivuka milioni 33 na nusu huruka nnenne. Mwanachama aliyekuwa na salio la shilingi 20,000,001 amekuwa akitunziwa 20,000,000 tangu siku alipoingizwa. Hilo halikusababishwa na kuhama, na zana yoyote duniani haiwezi kurudisha shilingi ambayo haikuandikwa. Kwa mikopo hiyo mikubwa, ambayo naamini si mingi, toa majalada na vocha ulinganishe kwa mkono.

Tuje kwa wale watu 212. Hapa nitakuomba ukae kitako. Kwenye MySQL hakuna aina halisi ya ndiyo-au-hapana. Kwa desturi watu hutumia TINYINT(1), aina ya namba ndogo, na pgloader, kwa kuijua desturi hiyo, hugeuza kila safu ya namna hiyo kuwa ndiyo au hapana: sifuri inakuwa hapana, kingine chochote kinakuwa ndiyo. Lakini TINYINT(1) inapokea hata 2, 3 na 4, na waandishi wengi wa mifumo yetu huitumia kwa hali ya mwanachama. Angalia jedwali lenu la zamani. Nadhani utakuta 0 ni aliyesimamishwa, 1 ni hai, 2 amejitoa, 3 amefariki, au mpangilio unaofanana na huo. Kwa macho ya zana, wote wasio sifuri wamekuwa "ndiyo". Yaani umewafufua marehemu, na wiki ijayo mfumo ungewatumia ujumbe wa kuwakumbusha hisa.

Marekebisho ni mstari mmoja kwenye faili ya maagizo ya pgloader, sehemu ya CAST, inayoagiza aina ipi igeuzwe kuwa ipi: *type tinyint to smallint drop typemod*. Namba zitapita kama zilivyo. Lakini ongea kwanza na kampuni ya mfumo, maana programu yao mpya huenda inatarajia ndiyo-au-hapana katika baadhi ya safu, na hapo itabidi mtaje safu moja moja badala ya kuagiza kwa jumla.

Kihonda ni rahisi. MySQL kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo inapolinganisha maneno, wala haijali nafasi tupu iliyobaki mwishoni. Karani mmoja aliandika "Kihonda", mwingine "KIHONDA", wa tatu akabonyeza nafasi mara moja zaidi, na ripoti iliwahesabu kitu kimoja. PostgreSQL inaona matawi mawili, na ukichunguza huenda hata matatu. Kwa majina ya matawi safisha data yenyewe, maana yalipaswa kuwa na tahajia moja tangu mwanzo. Kwa barua pepe na majina ya kuingilia mfumo hali ni tofauti, kwa kuwa watu wataendelea kuandika watakavyo. Hayo yawekwe kwenye aina ya maandishi isiyojali ukubwa wa herufi (PostgreSQL inayo, inaitwa citext), la sivyo Jumatatu asubuhi nusu ya wafanyakazi watakuambia nywila zao zimekataliwa.

Na Mang'ula. Tazama kwa makini, naamini unaona *Mangâ€™ula*. Tatizo ni ile ritifaa (alama ya ') ya ng' yetu. Mtu aliyenakili anwani kutoka Word hakuleta ritifaa iliyonyooka ya kwenye kibodi. Alileta ile iliyopinda, ambayo kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 huandikwa kwa baiti tatu. Jedwali lenu limebandikwa kibandiko cha latin1, mfumo wa herufi ambao kila baiti ni herufi moja, na programu ya zamani ilipita humo bila kuuliza, ikaweka baiti tatu na kutoa baiti tatu, kila mtu akaona sawa. Zana ikaja, ikasoma kibandiko, ikakiamini, ikatafsiri kila baiti kuwa herufi yake. Ni sawa na dumu lililoandikwa "mafuta ya taa" ambalo nyumba nzima inajua lina mafuta ya kupikia, mpaka siku aje mgeni. Kwenye nakala yako igeuze safu hiyo iwe BLOB, ambayo ni baiti zisizo na kibandiko, kisha uirudishe kuwa maandishi ya utf8mb4, jina la UTF-8 kamili ndani ya MySQL. Usigeuze moja kwa moja kutoka latin1 kwenda utf8mb4, maana hapo MySQL nayo itafanya kosa lilelile la zana. Kisha tafuta kila jina lenye ng' ulione kwa macho.

Hizo ni dalili ulizoziona. Zinazonitia hofu zaidi ni zile ambazo bado hujaziona kwa sababu hujaendesha mfumo siku nzima.

Saa, kwa mfano. Tarehe na saa katika MySQL mara nyingi huhifadhiwa bila kutaja ni saa za wapi, na pgloader isipoagizwa vingine huzigeuza kuwa aina inayotambua saa za eneo. Kama kikao cha kuhamisha kilihesabu kwa saa za dunia, UTC, nasi tuko saa tatu mbele, basi muamala wa simu wa saa tano na nusu usiku wa tarehe 31 Machi utasomeka saa nane na nusu usiku wa tarehe 1 Aprili. Kwa duka, hilo ni dogo. Kwako wewe ni amana iliyohama mwezi, riba imebadilika, na ripoti ya robo mwaka mliyokwisha kuipeleka kwa mrajisi haifanani na mfumo. Agiza safu hizo ziende kama timestamp tupu, isiyo na saa za eneo, kisha chukua miamala kumi ya karibu na usiku wa manane uilinganishe mmoja mmoja.

Kuna tarehe za sifuri pia, ile 0000-00-00 ambayo mifumo ya zamani hutumia kumaanisha "bado". Zana huzifanya tupu, na ni uamuzi wa busara. Ila popote programu inapouliza "ambao tarehe ya kufunga akaunti ni 0000-00-00", PostgreSQL itakataa swali lenyewe, kwa sababu tarehe hiyo haimo kwenye kalenda yoyote.

Kubwa kuliko yote hayo ni kazi zinazoishi ndani ya kanzidata. Nani anakokotoa riba ya mwezi? Kama ni programu, salama. Kama ni utaratibu uliohifadhiwa ndani ya MySQL na kuamshwa na ratiba yake usiku wa mwisho wa mwezi, basi haukuhamishwa. pgloader hubeba majedwali, indeksi na funguo za kigeni, yaani viungo vya jedwali moja na jingine. Taratibu hizo haizibebi, nayo haifichi hilo. Lugha ya taratibu ya MySQL na ya PostgreSQL ni mbili tofauti, na anayezitafsiri ni mtu. Mngehama Ijumaa, Jumatatu ingekuwa shwari, wiki ingepita, na mwisho wa mwezi riba isingeingia kwa mtu yeyote.

Jingine dogo lililowahi kuniaibisha mimi mwenyewe: namba zinazojiongeza. Baada ya kuhamisha, kanzidata lazima ijulishwe mwanachama wa mwisho alikuwa namba ngapi. pgloader hufanya hivyo ukiiachia, zana nyingine hazifanyi. Miaka ya nyuma nilihamishia duka moja la vipuri data kwa skripti yangu, nikalinganisha kila kitu, nikalala usingizi mzuri. Mteja wa kwanza asubuhi, ankara namba 1, mfumo ukagoma kwamba namba hiyo ipo tayari. Sikuwa nimejaribu kuongeza hata mstari mmoja mpya. Tangu siku hiyo, jaribio langu la kwanza huwa ni kusajili mtu wa kubuni.

Umeuliza kuhusu zana nyingine, nami nitakujibu bila ushabiki. Zipo huduma za kulipia kama AWS DMS ya Amazon, ambayo uzuri wake ni kwamba huendelea kufuatilia mabadiliko wakati mfumo wa zamani ukiwa kazini. Hiyo ni dawa ya wasioweza kufunga duka hata saa moja. Ninyi mnafunga Jumamosi mchana. Kununua ugumu huo ni kukodi meli kuvuka Mto Ngerengere. Tena nayo ina mitego yake: indeksi za ziada haikuletei, na katika hali yake ya kubeba vitu vikubwa kwa kikomo, kikomo cha kuanzia ni kilobaiti 32, kinachozidi hukatwa. Kama mnahifadhi picha za sahihi za wanachama ndani ya kanzidata, fikiria hilo. Njia ya kutoa faili za CSV na kuingiza kwa mkono inafaa kwa majedwali machache, na kwa wakaidi. Njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji ni kubaki MySQL na kupanda toleo. 5.6 iliachwa bila matengenezo tangu Februari 2021, kwa hiyo kubaki hapohapo si hiari. Kama kampuni ingekubali mfumo wake uendelee kwenye MySQL mpya, ningekushauri uwaulize bei zote mbili. Kwa kuwa wamekwisha kuandika toleo la PostgreSQL, nendeni nalo, kwa pgloader, kwa utaratibu.

Kwa meneja wako, mpe kisa hiki. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5.2 kwenda mfumo mpya mwishoni mwa wiki moja. Data ilifika salama, hata wasimamizi walikiri hivyo. Kilichoanguka ni mfumo ulioipokea: wateja walishindwa kuingia, matawi yakakwama, na hali haikurejea kawaida mpaka Desemba. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba mwaka huohuo, na mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Wao walikuwa na jeshi la wataalamu. Ninyi mna wewe, na una kazi nyingine ya mchana.

Mwombe wiki nne. Wiki ya kwanza rekebisha hayo niliyoyataja, yote yakiwa kwenye faili ya maagizo na skripti, hata moja lisifanywe kwa mkono na kusahaulika. Kisha fanya zoezi kamili Jumamosi tatu mfululizo kwa bakapu mpya ya kila wiki, ukipima dakika, na wafanyakazi wawili wa kaunta wakifanya kazi za kawaida: kuweka, kutoa, kusajili, kuchapa taarifa. Hapa ndipo unapowashinda mafundi wengi wa kompyuta, ndugu yangu. Wao huhesabu mistari, wewe unajua urari. Toa jumla ya hisa, akiba, amana na mikopo kwa kila tawi, kisha salio la kila mwanachama kutoka pande zote mbili, uziweke sambamba, safu ya tatu iwe tofauti. Inayotakiwa ni sifuri kwa kila mmoja wa wale 6,000. Jumla kuu ikiwa sifuri haitoshi, kwa sababu makosa mawili yanaweza kufutana. Siku ya kuhama kweli mfumo wa zamani ufungwe usiandikwe kitu, lakini usizimwe, na mkubaliane mapema ni saa ngapi mtarudi nyuma ikibidi. Saa hiyo ikifika hakuna mjadala.

Lini uite mtu aje aketi nawe? Tofauti ikibaki hata shilingi moja usiyoweza kuieleza baada ya zoezi la pili. Ukikuta taratibu zilizohifadhiwa zaidi ya mbili tatu, hasa za riba na gawio. Funguo za kigeni zikikataa kuundwa kwa sababu kuna marejesho ya mikopo isiyokuwepo, jambo la kawaida pale majedwali ya zamani yalipokuwa ya MyISAM, aina ya zamani ya majedwali ya MySQL, ambayo haikulinda uhusiano huo. Usiyafute marejesho hayo ili zana inyamaze. Hiyo ni fedha ya mtu, na mkaguzi atataka kujua ya nani. Atakayekuja afanyie kazi kwenye kompyuta yenu, ofisini kwenu, kwa mkataba wa maandishi, asiondoke na bakapu kwenye flashi.

Kwa leo anza na lile swali la *salio + 0*, kisha hesabu wanachama kwa kila hali, 0 hadi mwisho, kwenye kanzidata ya zamani. Ukipata wasio 0 wala 1 wakiwa 212 kamili, utakuwa na karatasi ya kumpelekea meneja kabla ya Ijumaa.